Mkwe Asijue

Kazini mimi najulikana kwa mdomo. Ukitaka kujua nani ameposwa, nani amehamishiwa wadi gani na nani hasemezani na nani, utaambiwa nenda chumba cha kufungia vidonda, muulize yule sista. Sikatai. Ndivyo nilivyo, na Shirere ninakokaa, katikati ya vyumba vya wanafunzi na muziki wao, mtu asiyepaza sauti hasikiki. Ndiyo maana nimejiuliza mara nyingi kwa nini yule mama wa kijiji cha Musanda, kati ya wauguzi wote wa hospitali yetu hapa Kakamega, alinichagua mimi nimtunzie siri.

Mwenyewe alikuwa na sababu yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya upasuaji, nje ya chumba changu, na mwanamume mmoja akafungua pazia bila hodi wakati ndani nina mwanamke amevua blauzi. Mimi sina simile na watu kama hao. Nilimtoa yule bwana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamuuliza kama kwa mamake pia huwa anaingia hivyo hivyo. Benchi zima likacheka. Mama wa Musanda hakucheka. Zamu yake ilipofika aliingia, akavuta pazia kwa mkono wake mwenyewe, akahakikisha limegusa ukuta, kisha akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Sista," akasema, "wewe utaniweza."

Akafungua leso. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe, na ngozi juu yake imekuwa kama ganda la chungwa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua anaangalia nini. Nilimuuliza amekaa nao tangu lini, akasema tangu kabla ya palizi ya miwa. Nilimuuliza nani amemleta, akasema amejileta; nyumbani wanajua ameenda soko la Mumias. Nilikuwa tayari nimefungua kinywa nimgombeze, lakini akanitangulia.

"Hapa kuna kijana anafanyanga kazi. Mrefu, ana mwanya, mtu wa Matete. Ni mkwe wangu, ameoa msichana wangu mkubwa. Huyo asijue."

Nilimjua, nani asiyemjua? Alikuwa muuguzi wa wadi ya wanaume na rafiki yangu wa chai. Kila mapumziko tuliketi nyuma ya jiko la hospitali, yeye akila mandazi yangu, mimi nikimtania. Nilikuwa nimempa cheo cha "daktari wa Musanda", kwa sababu tangu aoe huko hakuna mtu wa boma la wakwe zake aliyewahi kuugua bila yeye kupigiwa simu kwanza. Mtoto akikohoa, simu. Shemeji akijikata na panga shambani, simu. Naye hakuchoka. Aliwapokea langoni, akawapeleka kwa daktari anayefaa, akawatafutia dawa, akawasindikiza mpaka stendi. Nilimwambia siku moja watamletea na kuku wanaoumwa, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, niseme jambo moja. Sisi Waluhya, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mkwe akija, mama hubaki jikoni na salamu hupita kwa watoto. Haifai amwone kichwa wazi, sembuse kifua. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena wanaopendana zaidi ndio wanaoishika zaidi. Najua siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na mama wakwe zao harusini na picha wanapigwa. Yule mama hakuwa mtu wa siku hizi, na sikuona kwa nini awe.

"Lakini mama, hatakuona," nilimwambia. "Akijua, ni kujua tu."

"Akijua atakuwa anafikiria. Akitoa salamu pale nje, mimi niko jikoni, najua anafikiria hii kitu. Sasa uso nitaweka wapi?"

Nikamwahidi kwamba kutoka kwangu hatajua. Niliahidi kwa urahisi kabisa, jinsi tunavyoahidi kila siku. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hilo tuliapia siku ya kuvaa sare.

Kipande kilikatwa, kikapelekwa maabara, majibu yakarudi vile nilivyoogopa: saratani. Daktari wa upasuaji alimweleza mwenyewe, mimi nikitafsiri yale magumu. Alisema bado tuna nafasi. Titi liondolewe mapema, kisha apewe dawa, na anaweza kuishi miaka mingi. Wakichelewa, ugonjwa utatambaa mpaka mapafuni na hapo kisu hakitasaidia tena. Mama alisikiliza mikono ikiwa magotini. Akauliza swali moja tu: atakayemhudumia baada ya kukatwa ni mwanamke? Nikamwambia wadi ile ni ya wanawake na wauguzi wake ni wanawake. Akasema basi wakate. Akapewa siku ya kurudi ili apangiwe upasuaji.

Nilifurahi siku hiyo. Nasema wazi, nilijipongeza. Niliona nimefanya kazi yangu vizuri pande zote, mgonjwa amesitirika na mgonjwa anatibiwa, na nikala chakula cha mchana kwa hamu.

Kilichonitesa wakati ule kilikuwa chai. Rafiki yangu alikuwa akikaa pale, anamenya yai lake, ananisimulia habari za Musanda, nami nimekodoa macho kwenye kikombe. Siku moja akasema, "Mama mkwe ana shida ya bega. Mke wangu anasema mkono wa kushoto hauinuki vizuri tangu ile palizi. Nimemtumia dawa ya maumivu na ya kuchua, lakini naona haisaidii. Wewe ungempa nini?"

Nilijua bega lile. Nilijua kilichokuwa kinavimba kwapani.

"Mlete aonwe," nikasema.

"Nimesema mara ngapi. Anakataa. Anamwambia mke wangu bega ni la jembe, litapona." Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Yule mama ananiheshimu mpaka anaona haya kuumwa."

Aliniuliza kama ninaumwa pia, maana haikuwa kawaida yangu kunyamaza.

Kisha ratiba ya zamu ikabandikwa. Kwetu kila baada ya muda tunahamishwa, huyu wadi hii, yule kliniki ile, na metroni ndiye anayepanga bila kumuuliza mtu. Nilisoma jina la rafiki yangu kwenye kliniki ya upasuaji, nikasoma tena. Kazi yake ingekuwa kusimama mlangoni, kuchukua kadi, kuita majina na kuwapeleka wagonjwa kwa daktari. Nilimtafuta yule mama kwa simu nimwambie aingilie mlango wa nyuma, upande wa chumba changu, lakini simu ilikuwa ya mjukuu na mjukuu alikuwa amerudi chuoni nayo. Siku yake ya kurudi ilipofika nilisimama dirishani tangu asubuhi nikimvizia.

Sikumvizia vya kutosha. Niliitwa kidogo tu kushika mkono wa mtoto aliyeungua. Nilipotoka, benchi lilikuwa limejaa, rafiki yangu yuko mlangoni na kadi mkononi anaita watu kwa ile sauti yake ya upole, na kule mbali, karibu na lango, nikaona leso ya rangi ya majani ikiondoka. Alikuwa anatembea haraka, kichwa ameinamisha, ameshika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Nilikimbia. Mimi mtu mnene nilikimbia na sare yangu mpaka barabarani, watu wa bodaboda wakinishangilia. Alikuwa ameshaondoka.

Tuliambiwa chuoni kwamba kuna mambo matatu: umtendee mgonjwa mema, uheshimu hiari yake, utunze siri yake. Yalikuwa kama mafiga ya jikoni, na chungu kilikaa juu yake bila kutikisika. Hakuna aliyetuambia la kufanya siku figa moja likisukuma lingine. Nikimwambia rafiki yangu, mama ataokoka labda, lakini kwa kuvunjwa kile alichonikabidhi, na huenda akakataa hospitali kabisa, akafa na aibu juu ya ugonjwa. Nisipomwambia, atakufa amesitirika. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikalipika pamoja na mboga. Nilikasirika na kila mtu: na mila, na metroni, na mama mwenyewe kwa ukaidi wake, na zaidi ya wote na yule kijana mwema ambaye kosa lake lilikuwa kuwa mwema mahali pabaya. Angekuwa fundi cherehani, mama mkwe wake angekuwa ameshakatwa na kupona.

Nilijaribu kumuuliza yeye mwenyewe, kwa kuzunguka. Tulikuwa kwenye chai. Nikasema, hebu tuseme una mgonjwa, ana ugonjwa mbaya unaotibika, na hataki ndugu yake mmoja ajue. Lakini huyo ndugu ndiye peke yake anayeweza kumfanya atibiwe. Utamwambia?

"Umeanza lini kutunga mitihani?" akacheka.

"Nijibu tu."

Aliacha kucheka, akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, si wa kubwabwaja kama mimi. "Siwezi kumwambia," akasema. "Mgonjwa akishajua wauguzi wanasema, kesho hakuna atakayetuonyesha kidonda. Huyo mmoja unaweza kumwokoa, lakini utapoteza wengi usiowaona. Hata kama huyo ndugu ni mimi, usiniambie. Nenda ukazungumze na mgonjwa."

Basi nikaenda kuzungumza na mgonjwa. Siku yangu ya mapumziko nilifika Musanda, nikaulizia kwa watu waliokuwa wakipakia miwa kwenye trela, nikaonyeshwa boma. Mama aliponiona alishtuka, halafu akafurahi kuliko nilivyotarajia. Aliwaambia watoto kwamba mimi ni mgeni wake wa kanisa. Alichinja ingokho, kuku wa mgeni, akasonga obusuma, ugali wetu, kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umelala pajani, na alikataa katakata nimsaidie. Nilikula huku nikiona aibu. Nyuma ya jiko, watoto wakiwa wameenda kuteka maji, nikamweleza bila kupaka asali.

"Mama, hii kitu itakuua."

"Najua. Mimi si mtoto."

"Basi twende hospitali nyingine. Kisumu au Eldoret, usikojulikana."

"Nitaenda na nani? Nikisema naenda Eldoret, vijana wangu watauliza kwa nini. Wakiuliza, watapigia nani simu?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Hawa watu hawajui kuugua bila yule kijana. Amewazoesha. Hata mimi nampenda, sista. Wacha nikuambie, hakuna mtoto wangu ananiangalia kama yeye. Ndiyo maana siwezi."

"Akitoka pale kliniki utakuja?"

"Akitoka nitakuja hata kesho."

Nikasema nitamtoa mimi. Nilisema hivyo huku nimesimama, nimejipangusa mikono, najiona shujaa.

Kumwambia rafiki yangu mwenyewe aombe kuhama sikuweza. Hakuwa mjinga, angejumlisha bega na kliniki, na jibu angelipata kabla sijamaliza sentensi. Nilienda kwa metroni. Nikamwomba amrudishe wadi ya wanaume. Metroni akavua miwani, akaniuliza sababu. Nikasema tu kwamba ingekuwa vizuri. Akauliza amefanya nini. Nikasema hajafanya kitu. Akaniangalia kwa muda.

"Mmekosana?"

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Niliona mlango umefunguka, nikaingia. Nikasema ndiyo, tumekosana kidogo, hatuwezi kufanya kazi mahali pamoja. Nilifikiri ameshakubali, maana alivaa miwani akaandika. Nilisahau jinsi kwetu mambo yanavyokwenda, mimi niliyekaa hapo miaka yote hiyo. Wawili wakikosana, anayehamishwa ni yule aliyeleta kesi, ili wengine wasizoee kuleta kesi. Kesho yake nilikuwa wadi ya watoto, upande wa pili kabisa wa hospitali, na chumba changu cha pazia amepewa muuguzi mgeni. Rafiki yangu akabaki pale pale mlangoni na kadi zake.

Na aliambiwa, bila shaka. Hospitali haina siri isipokuwa zile ambazo zingefaa kutoka. Aliacha kuja kwenye chai. Nilipomfuata kwenye veranda kumweleza, ingawa sijui ningemweleza nini, aliniuliza bila kunitazama, "Nilikukosea wapi? Ungeniambia mimi." Nikafungua kinywa. Jina la mama lilikuwa pale, nyuma ya meno. Nikasema, "Ipo siku utaelewa." Akasema, "Sawa, sista," kwa adabu ile anayopewa mtu baki, akaenda zake. Nilikasirika, tena sana. Nilijiambia huyu kijana naye anajiona nani. Hasira ilinisaidia majuma kadhaa kutofikiri.

Nilirudi Musanda mara moja tena. Nilimwambia mama ukweli: nimeshindwa, bado yuko pale. Alikuwa amekonda na alikuwa akikohoa. Alinishika mkono, akaniambia nisisumbuke, atangoja ratiba nyingine. Kama vile uvimbe nao husoma ratiba. Nilimwomba, nikamkaripia, nikalia mbele yake, mimi ninayewaambia wanafunzi wasilie mbele ya mgonjwa. Akasema, "Mwanangu, unataka niishi. Mimi pia nataka. Lakini si kwa njia hiyo." Sikujua njia gani nyingine, na niliondoka bila kumaliza chai aliyonipikia.

Aliletwa kiangazi, hawezi kupumua. Binti yake mkubwa, mke wa rafiki yangu, alikuwa amekwenda kumsalimia, akamkuta ameketi kitandani usiku kucha kwa sababu akilala anakosa hewa, na alipombadilisha nguo ndipo alipoona. Mama alimwapisha asimwambie mtu, wala kaka zake wala mumewe. Binti aliapa. Alimpakia kwenye gari la kukodi, akamleta, na alipomaliza kumlaza wadi ya wanawake akaenda nyuma ya jengo akampigia mumewe simu. Simlaumu. Kila mtu ana mahali anapokatikia.

Mimi nilisikia nikiwa na watoto wangu wadini. Nilipofika, picha za kifua zilikuwa tayari. Ugonjwa ulikuwa umeshahamia mapafuni. Daktari hakusema neno juu ya kisu.

Rafiki yangu alinikuta kwenye ngazi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa hivyo.

"Tulikuwa tunakunywa chai," akasema. "Nakuuliza habari ya bega. Wewe unaniangalia."

"Alinikataza."

"Ningeondoka. Ungesema neno moja tu, ningeacha hata kazi, ningerudi Matete nikalime. Ungeniambia ondoka, usiniulize. Ningeondoka. Na usinikumbushe nilichosema. Najua nilichosema."

Sikumkumbusha. Nilikaa kwenye ngazi, yeye akakaa ngazi ya chini yangu, na wageni wa wagonjwa wakapita katikati yetu na vikapu vyao vya chakula. Mwishowe akasema yeye hawezi kuingia mle ndani. Hata sasa, hata hivi, hawezi, kwa sababu mama hataki na yeye mwenyewe miguu haitaenda. Akaniomba niwe naingia kwa niaba yake, niangalie oksijeni, nihakikishe dawa ya maumivu haikosekani. Nikasema nitafanya.

Niliomba ruhusa, nikawa namwogesha mimi mwenyewe asubuhi. Alikuwa mwepesi. Siku mbili tatu hakusema mengi, pumzi haikuruhusu. Asubuhi moja, nimemaliza kumfunika, nimemfunga kitambaa kichwani vizuri jinsi alivyopenda, akanishika kiganja.

"Mkwe wangu amejua?"

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sikuwahi kumdanganya mgonjwa. Najivunia hilo. Nimewaambia watu kwamba mguu utakatwa, kwamba mtoto hatapona, nimekaa nao wakalia. Niliamini, na bado naamini, kwamba mgonjwa akikuuliza swali la kweli anastahili jibu la kweli, na anayempunja jibu anamfanya mtoto. Huyu mama alikuwa ameniambia yeye si mtoto. Na dirishani, upande wa nje, nilijua rafiki yangu amesimama mahali asipoweza kumwona wala kuonekana, kama kila asubuhi, anangoja nitoke.

"Hapana, mama," nikasema. "Hajui. Anajua ni bega na kifua kimepata baridi."

Alifumba macho. Uso wake wote ulilegea, mpaka nikadhani amekata roho. Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Umenisitiri."

Nilitoka nje. Akaniuliza ameamkaje. Nikamwambia mama ameuliza kama unajua. Akaniuliza nimejibu nini. Nikamwambia.

Alitazama nguo za wagonjwa zilizoanikwa kwenye ua.

"Basi sijui," akasema.

Na alishika neno. Mama alipofariki, aliwapigia simu mashemeji zake kama mtu asiyejua. Walipomuuliza ni nini kimemuua, alisema kifua. Mkewe hakusema zaidi, kwa sababu alikuwa ameapa na kiapo chake alikuwa ameshakivunja mara moja. Kijana alitafuta gari la kubebea mwili, alisimamia kila kitu kama alivyozoea, na hakuna aliyemwona akilia.

Sisi wauguzi tulienda maziko kwa sare. Boma lilijaa watu, trela za miwa zimesimamishwa barabarani kwa heshima. Wakwe waliketi upande wao, chini ya turubai lao. Zamu za kusema zilipofika, alisimama kaka wa marehemu, mzee mwenye uchungu, na hakuzunguka.

"Sisi tulitoa msichana wetu kwa daktari," akasema kwenye kipaza sauti. "Tukafurahi, tukasema sasa tuna mtu. Dada yangu alikuwa analia bega. Bega tu, watu wangu. Daktari analeta dawa ya kuchua. Leo tunamzika. Sasa mimi nauliza, hiyo ni daktari ya aina gani?"

Watu waliguna. Wengine waligeuka kuangalia turubai la wakwe. Mwenye kuongoza ibada alijaribu kuchukua kipaza sauti, lakini mzee aliking'ang'ania, akasema mkwe ajibu, mbele ya jeneza, watu wasikie.

Rafiki yangu alisimama. Alikuwa amembeba mtoto wake mdogo, akamkabidhi mtu. Hakusogea karibu na jeneza, kwa sababu mkwe hasogei. Alipelekewa kipaza sauti pale pale alipo, na alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mjomba amesema kweli," akasema. "Nilileta dawa ya bega. Nilifikiri ni bega. Nimekosa, mnisamehe."

Akakaa. Mkewe alikuwa karibu na jeneza, leso usoni. Wanawake walio nyuma yangu walinong'ona kwamba siku hizi kila mtu anajiita daktari. Mimi nilikuwa safu ya pili, nimeketi na wenzangu, na sikusimama.